Lisha Maji Kabla ya Kutia Klorini: Mwongozo wa Kujaza Pisini Mpya Butembo na Beni

Shimo limechimbwa, nondo zimesukwa, zege limemwagwa na plasta imepigwa. Fundi amekabidhi kazi, na pisini yako iko tupu inasubiri maji. Wengi hudhani kilichobaki ni kufungua robine, kumwaga klorini na kuwaita watoto waje kuogelea. Lakini siku hizo chache za kujaza ndizo zinazoamua kama plasta itadumu miaka mingi, au itaanza kuchimbika na kukwaruza nyayo za watoto kabla mwaka haujaisha.

Maelekezo mengi yanayobandikwa kwenye ndoo za dawa yameandikwa kwa ajili ya miji yenye maji magumu, yaliyojaa chokaa na yaliyokwisha kutiwa klorini kiwandani. Huko shida kubwa ni ukoko mweupe unaoganda kwenye kuta na mabomba. Kwetu shida iko upande wa pili kabisa. Maji ya vilima vya Butembo na Beni kwa kawaida ni laini, yana asidi kidogo, na hayana madini ya kutosha. Maji ya namna hiyo yana njaa, na yasipolishwa na mwenye pisini hujilisha yenyewe kwa kula plasta. Kwa hiyo kanuni ya mwongozo huu ni moja: yape maji madini yanayokosa kwanza, klorini ije mwisho.

Jua maji yako yanatoka wapi

Butembo imekaa juu ya vilima vya mita 1,700 na zaidi. Beni iko chini yake, penye joto zaidi, upande wa kaskazini kuelekea Ruwenzori na bonde la Semuliki. Chini ya udongo wetu mwekundu kuna miamba ya kale sana, migumu, ya jamii ya itale. Miamba hiyo haina chokaa nyingi, na kidogo kilichokuwamo kimeoshwa na mvua kwa maelfu ya miaka. Mvua inapopenya udongo huo huchukua gesi ya kaboni itokanayo na mizizi na majani yanayooza, nayo gesi hiyo ndiyo inayoyapa maji asidi. Yanapotokea chemchemi ni safi kwa macho, matamu kinywani, lakini pH yake mara nyingi iko chini ya 7, na inaweza kushuka hadi karibu na 5.

Ukienda mbali kidogo, mambo yanageuka. Maji ya Ziwa Edward ni ya alkali, pH yake hukaribia 9. Ziwa Kivu nalo, lililozungukwa na miamba ya volkano, lina alkali nyingi. Hima, upande wa Kasese nchini Uganda, kuna mwamba wa chokaa unaolisha kiwanda cha saruji. Mombasa na Zanzibar watu huchota maji ndani ya mwamba wa matumbawe. Kwa sababu hiyo ushauri mzuri wa fundi wa Mombasa, ambaye kila siku anapambana na ukoko kwa kutia asidi, unaweza kuiharibu pisini ya Butembo kwa wiki chache.

Hapa kwetu kuna njia chache za kupata maji, na kila moja ina tabia yake:

- Chemchemi na mtandao wa mtaa unaoteremka kwa mserereko. Tegemea maji laini yenye asidi. Baada ya mvua kubwa yanaweza kutibuka. Chemchemi iliyo chini ya mtaa wenye nyumba na vyoo vingi inaweza kubeba uchafu usioonekana, na uchafu huo hula klorini nyingi.
- REGIDESO, shirika la maji la taifa, pale inapofika. Maji yaliyopitia kiwandani huenda yametiwa shabu, chokaa na klorini. Usibuni, pima. Klorini ya bombani mara nyingi huisha kabla ya kufika kwako.
- Kisima kirefu kilichotobolewa. Yanaweza kuwa na madini zaidi kuliko ya chemchemi, lakini jihadhari na chuma na manganizi.
- Mvua ya paa. Ndiyo laini kuliko yote. Haina kalsiamu, pH yake ya asili ni kama 5.6, na hubeba vumbi na kinyesi cha ndege. Inafaa sana, mradi ukubali kuilisha kila kitu.
- Mto. Kimemi na vijito vinavyokatiza mitaa hupokea taka za mji. Usijaze pisini kwa maji hayo.

Vipimo vya kufanya kabla ya kujaza

Chukua chupa safi, isuuze mara tatu kwa maji yaleyale unayotaka kupima, ijaze hadi mdomoni na uifunge. Pima pH palepale kwenye chanzo, kisha pima tena baada ya maji kukaa kwenye ndoo wazi usiku mzima. Kama pH imepanda yenyewe, ujue sehemu ya asidi ilikuwa gesi ya kaboni iliyokuwa imefungwa ndani ya maji. Hiyo ni habari njema, kwa sababu kuyarusha maji hewani wakati wa kujaza kutakupunguzia gharama ya dawa.

Kifaa cha kwanza si kigeni kwetu. Kile kijisanduku cha plastiki chenye vyumba viwili na rangi za kulinganisha, ambacho watu wa maji na usafi walikuwa wakikitumia kupima klorini wakati wa Ebola na wakati wa kipindupindu, kilitengenezwa kwa ajili ya pisini. Chumba kimoja hupima klorini, kingine pH. Kina mipaka yake, na mpaka mmoja unatuhusu hasa: rangi yake ya pH ya chini kabisa ni 6.8. Maji yenye pH 5.5 yataonyesha njano ileile ya 6.8. Ukiona njano hiyo, usiandike 6.8, andika "chini ya 6.8" na utafute kipimo kingine.

Unahitaji kujua mambo haya:

1. pH. Katika pisini tunataka 7.2 hadi 7.8.
2. Alkaliniti. Hiki ni kipimo cha uwezo wa maji kuhimili asidi bila pH kuporomoka. Lengo ni miligramu 80 hadi 120 kwa lita. Maji ya chemchemi zetu yanaweza kuwa na 20 au 30 tu.
3. Ugumu wa kalsiamu. Kwa pisini ya plasta ya saruji lengo ni miligramu 200 hadi 400 kwa lita.
4. Chuma na manganizi. Lengo ni kusiwe na chochote kinachoonekana.
5. Tope. Maji yawe maangavu kiasi cha kuona chini bila shida.
6. Joto. Maji ya Butembo ni baridi kuliko ya Beni, na joto linaingia kwenye hesabu.

Karatasi za kuchovya zinasaidia, lakini kwa alkaliniti na ugumu vipimo vya matone ni sahihi zaidi. Kama huna vifaa, peleka chupa yako kwenye maabara yenye uwezo wa kupima maji na utaje vipimo unavyovitaka. Gharama yake ni ndogo sana ukiilinganisha na kupiga plasta upya.

Jaribio la ndoo

Kabla ya kuyaamini maji ya kisima, fanya jaribio hili. Jaza ndoo nyeupe ya lita 20. Tia nusu kijiko cha chai cha bikaboneti ya sodiamu, koroga, kisha tia HTH, yaani klorini ya unga, kidogo sana, kiasi cha kubana kwa ncha za vidole viwili. Iache hadi asubuhi.

Maji yakibaki maangavu, endelea. Yakiwa na rangi ya chai au kutu, kuna chuma. Yakielekea weusi au zambarau, kuna manganizi. Yakiwa na ukijani hafifu huku yakibaki maangavu, huenda asidi yake imekula shaba ya mabomba.

Rangi hiyo ndiyo ambayo ungeiona kwenye pisini nzima, ikijipaka juu ya plasta mpya na kukataa kutoka. Kwa hiyo yatibu maji nje ya pisini. Yapeleke kwanza kwenye tangi, yaanguke kutoka juu kupitia bomba lenye matundu ili yapate hewa, yatie bikaboneti au chokaa kidogo ili pH ipite 7, kisha yatulie siku moja au mbili. Chuma kitatua chini kama matope mekundu. Vuta maji ya juu tu, yapite kwenye kichujio cha mchanga. Manganizi ni sugu zaidi: hewa peke yake haitoshi, huhitaji klorini ndani ya tangi kabla ya kuchuja.

Pima njaa ya maji kwa hesabu

Mwaka 1936 Wilfred Langelier, profesa wa Chuo Kikuu cha California, alichapisha njia ya kujua kama maji yatayeyusha chokaa au yatagandisha chokaa. Mafundi wa pisini hutumia hesabu hiyo kwa umbo rahisi:

pH + namba ya joto + namba ya kalsiamu + namba ya alkaliniti − 12.1

Jibu likiwa karibu na sifuri, kati ya −0.3 na +0.3, maji yametulia. Likiwa chini zaidi, maji yanakula plasta. Likiwa juu zaidi, ukoko utaganda.

Namba zenyewe ni hizi:

- Joto: nyuzi 19 ni 0.5, nyuzi 24 ni 0.6, nyuzi 29 ni 0.7.
- Kalsiamu: miligramu 25 ni 1.0, 50 ni 1.3, 100 ni 1.6, 200 ni 1.9, 300 ni 2.1.
- Alkaliniti: miligramu 25 ni 1.4, 50 ni 1.7, 100 ni 2.0, 150 ni 2.2.

Tuchukue mfano wa maji ya chemchemi yenye pH 6.2, joto nyuzi 19, kalsiamu 25 na alkaliniti 25. Hesabu ni 6.2 + 0.5 + 1.0 + 1.4 − 12.1, na jibu ni −3.0. Hayo ni maji yenye njaa kali.

Sasa tuyalishe: pH 7.6, kalsiamu 200, alkaliniti 100, joto lilelile. Hesabu ni 7.6 + 0.5 + 1.9 + 2.0 − 12.1, na jibu ni −0.1. Plasta imepona.

Kama kloraidi ya kalsiamu ni haba sokoni, au bei yake inakushinda, bado kuna njia. Inua kalsiamu hadi 50 tu, lakini alkaliniti ifike 150 na pH ikae 7.8. Jibu ni −0.3, mpakani lakini ndani ya usalama. Baadaye HTH yenyewe itakuongezea kalsiamu kidogokidogo: kila miligramu 10 za klorini kutoka HTH huleta takribani miligramu 7 za ugumu. Wakati kalsiamu inapanda, rudisha pH na alkaliniti chini taratibu.

Mwenye pisini ya vigae asijione yuko salama. Kigae hakiliwi, lakini saruji iliyo katikati ya vigae huliwa, na vigae huanza kubanduka.

Kiasi cha dawa

Kwanza jua ujazo. Zidisha urefu, upana na wastani wa kina. Pisini ya mita 10 kwa 4, yenye wastani wa kina cha mita 1.25, ina mita za ujazo 50, yaani lita 50,000.

Kwa kila mita moja ya ujazo:

- Kuinua alkaliniti kwa miligramu 10: gramu 17 za bikaboneti ya sodiamu.
- Kuinua ugumu kwa miligramu 10: gramu 15 za kloraidi ya kalsiamu ya vipande vya kawaida, vyenye maji ndani yake.
- Kupata miligramu 1 ya klorini: gramu 1.5 za HTH ya asilimia 65.

Katika pisini yetu ya mfano, kupandisha alkaliniti kutoka 25 hadi 100 kunahitaji kilo 6.4 hivi za bikaboneti. Kupandisha ugumu kutoka 25 hadi 200 kunahitaji kilo 13 hivi za kloraidi ya kalsiamu. Nunua dawa hizi na uziweke mkononi kabla ya tone la kwanza la maji kuingia. Ukisubiri pisini ijae ndipo uagize, plasta itakuwa imeliwa wakati mzigo uko njiani.

Siku za kujaza

Chagua majira. Mvua zetu huwa kubwa mara mbili kwa mwaka, na wakati huo chemchemi hutibuka. Vipindi vya mvua chache, karibu na Januari na Februari au Juni na Julai, hutoa maji maangavu zaidi. Tatizo ni kwamba ndivyo vipindi ambavyo chemchemi hupungua na majirani huhitaji kila bidoni. Nitalirudia jambo hilo hapo chini.

Ukishaanza kujaza, usisimame katikati kama unaweza kuepuka. Maji yakikaa siku kadhaa kwenye kimo kimoja huacha mstari kwenye plasta mpya. Kama maji yanakuja kwa lori au kwa zamu, yakusanye kwenye matangi hadi yawe mengi, ndipo uanze. Weka mdomo wa bomba juu ya gunia safi lililokunjwa sehemu ya kina kirefu, ili nguvu ya maji isichimbe sakafu. Kama jaribio la usiku lilionyesha gesi nyingi ya kaboni, acha maji yatawanyike hewani kabla ya kudondokea kwenye gunia.

Fuata mpangilio huu:

1. Bikaboneti, wakati maji yanaingia. Iyeyushe kwenye ndoo na uimimine kidogokidogo kadiri kina kinavyopanda. Usisubiri pisini ijae, kwa sababu plasta changa ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote, na siku ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi.
2. Pampu. Pisini ikijaa, washa pampu na uiache izungushe maji kila saa ambayo umeme upo. Kama unategemea jenereta, panga saa kadhaa za mfululizo mara tu baada ya kila dawa.
3. Pima. Angalia pH na alkaliniti baada ya maji kuzunguka.
4. Kalsiamu, siku moja baada ya bikaboneti. Gawa kiasi chote katika siku tatu. Iyeyushe kwenye ndoo ya maji. Ndoo itapata moto, usishtuke. Ukimimina bikaboneti na kalsiamu kwa wakati mmoja, zitakutana na kuganda kama maziwa.
5. Shabu, kama maji yametibuka. Shabu hukusanya tope na kulizamisha, lakini kila miligramu yake hula karibu nusu miligramu ya alkaliniti. Ndiyo maana haitangulii bikaboneti. Ukiitia kwenye maji laini yasiyolishwa, pH itaporomoka na tope halitatua.
6. Asidi ya sianuriki, dawa ya kukinga klorini dhidi ya jua. Gramu 30 kwa mita ya ujazo zinatosha, yaani kilo 1.5 katika pisini yetu. Baada ya kuitia, kwenye hesabu ya Langelier toa theluthi moja ya kipimo chake kutoka kwenye alkaliniti.
7. Klorini, mwisho.

Kwa nini tunahitaji kinga ya jua? Tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, tena juu mlimani. Klorini isiyo na kinga inaweza kupoteza sehemu yake kubwa ndani ya saa mbili za jua kali. Bila asidi ya sianuriki utamwaga HTH asubuhi na jioni hutakuta kitu.

Klorini: tofautisha ya kunawa na ya kuogelea

Hakuna mji unaoijua harufu ya klorini kuliko miji yetu. Tangu Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 hadi ilipotangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 waliugua na 2,287 walifariki. Katika muda wote huo tulinawa kwa klorini kwenye milango ya makanisa, masoko, shule na vizuizi vya barabarani. Elimu hiyo tuliipata kwa gharama kubwa, na tunaweza kuitumia vizuri.

Maji ya kunawa mikono yalikuwa ya asilimia 0.05, sawa na miligramu 500 za klorini kwa lita. Ya kusafishia sakafu na vyombo yalikuwa ya asilimia 0.5, sawa na miligramu 5,000. Maji ya pisini yanatakiwa kuwa na miligramu 1 hadi 3 tu. Yaani klorini ya pisini ni kama sehemu moja kati ya 250 ya ile ya kunawa. Anayepima HTH ya pisini kwa kumbukumbu za ndoo ya kunawa atachoma macho na ngozi za watoto.

Katika pisini ya mita za ujazo 50, gramu 150 hivi za HTH huleta miligramu 2. Kwa mara ya kwanza, kwa kuwa maji ya chemchemi hayajawahi kutiwa klorini na yana uchafu wake, lenga miligramu 5, yaani gramu 385. Itie jioni, pima asubuhi. Ikiwa karibu yote imetoweka, maji bado yana kitu kinachoila. Rudia jioni inayofuata. Ikibaki, iache ishuke hadi chini ya 3 ndipo mtu wa kwanza aingie.

Kumbuka pia kwamba nguvu ya klorini inategemea pH. Katika maji yasiyo na asidi ya sianuriki, pH ikiwa 7.0 robo tatu hivi ya klorini iko katika hali ya kuua vijidudu, ikiwa 7.5 inabaki karibu nusu, ikiwa 8.0 inabaki robo. Kinga ya jua huifunga sehemu kubwa ya klorini, kwa hiyo usizidishe dawa hiyo. HTH hupandisha pH, kwa hiyo baada ya wiki kadhaa huenda ukahitaji asidi kidogo ya hidrokloriki. Lakini usiitie siku ya kwanza kwa sababu tu karatasi ya ndoo imesema hivyo.

Jihadhari na galeti

Galeti nyeupe, yaani vidonge vikubwa vya klorini vinavyouzwa kwenye makopo, hupendwa kwa kuwa ni rahisi: unaziweka kwenye kapu na kusahau. Nyingi ni za aina ya klorini yenye asidi kali, na pH yake ni karibu na 3. Katika maji magumu asidi hiyo humezwa bila madhara. Katika maji yetu laini hula alkaliniti siku baada ya siku, hadi pH inaanguka ghafla, plasta inachimbika na chuma cha pampu kinapata kutu. Tena kila galeti huongeza asidi ya sianuriki, ambayo haitoki majini mpaka umwage maji. Kwa Butembo na Beni, HTH ndiyo inayofaa kuwa klorini ya kila siku.

Jambo moja lishikwe na kila anayegusa dawa: usichanganye HTH na galeti kamwe. Usitumie kijiko kimoja, ndoo moja wala kapu moja. Zikikutana zinaweza kuwaka moto au kulipuka. Vivyo hivyo, klorini isikutane na asidi, kwa sababu hutoa gesi ya sumu. Mimina dawa ndani ya maji; usimimine maji juu ya dawa. Vaa miwani na glavu, simama upande ambao upepo unatoka, na funga ghala kwa kufuli.

Mwezi wa kwanza

Plasta huendelea kukomaa chini ya maji kwa wiki nne hivi. Katika siku hizo piga brashi kuta na sakafu kila siku ili kuondoa vumbi la saruji, na pima pH kila siku.

Kuna dalili moja inayowadanganya wengi. Ulijaza maji ya asidi, hukutia kitu, na baada ya siku tatu pH imefika 8. Mwenye pisini hufurahi, akidhani maji yamejirekebisha yenyewe. Ukweli ni kwamba maji yameyeyusha chokaa ya plasta, na pH hiyo imelipwa na ukuta wako. Pima ugumu: ukiona unapanda na wewe hukuongeza kalsiamu wala HTH nyingi, jua inakotoka.

Baada ya mwezi, tatizo kubwa litakuwa mvua. Mvua ya milimita 100 juu ya pisini ya mita 10 kwa 4 huingiza lita 4,000 za maji yasiyo na madini, na kufurika huondoa kiasi hicho cha maji uliyokwisha kuyalisha. Hiyo ni asilimia 8 ya pisini yetu. Katika majira ya mvua pima alkaliniti kila wiki, na ugumu kila mwezi. Fanya hivyo pia kila unapoosha kichujio na kuongeza maji mapya. Andika kila kipimo kwenye daftari, na tarehe yake. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa mwalimu bora kuliko kitabu chochote cha kigeni.

Maji ya watu

Lita 50,000 ni bidoni 2,500. Kiwango cha chini kinachotumiwa na mashirika ya misaada duniani ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Maana yake pisini moja inabeba maji ya siku nzima ya watu zaidi ya 3,300. Katika miji ambako mama na watoto hupanga foleni kwenye chemchemi tangu alfajiri, na ambako familia zilizokimbia vijiji vyao zimeongeza idadi ya wahitaji, hesabu hiyo lazima ifanywe kwa moyo wote.

Usiunganishe bomba lako kwenye chemchemi ya mtaa. Kusanya mvua. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja. Paa la mita 150 za mraba likipata mvua ya milimita 10 hutoa lita 1,500, na hata ukipoteza sehemu ya tano unabaki na 1,200. Ukiwa na mifereji mizuri na matangi, msimu mmoja wa mvua unaweza kuijaza pisini yako. Acha mvua ya kwanza ioshe paa, kisha ndipo ukusanye. Ni maji laini kuliko yote, lakini sasa unajua namna ya kuyalisha.

Kwa hoteli au shule inayotoboa kisima ili kujaza pisini kubwa, ongeza robine moja nje ya ukuta kwa ajili ya majirani kwenye kisima hichohicho. Anayetoboa ardhi ya wote kwa ajili ya burudani ana deni kwa wanaoishi juu yake.

Kabla ya kufungua robine

Jibu maswali haya kwa maandishi. Kama hata moja halina jibu, ahirisha.

- Maji yanatoka wapi, na yakija kwangu nani anayakosa?
- pH, alkaliniti na ugumu wake ni kiasi gani?
- Ndoo nyeupe ilionyesha rangi gani asubuhi?
- Pisini yangu ina mita ngapi za ujazo?
- Hesabu ya Langelier inatoa jibu gani kabla ya dawa, na gani baada ya dawa?
- Bikaboneti na kalsiamu zimeshafika nyumbani?
- HTH, asidi na dawa nyingine zimetenganishwa na kufungiwa?
- Nani atapima kila siku kwa mwezi mzima, na ataandika wapi?